Sura ya Tatu: Steringi Mweusi na Mwanzo Wake katika Filamu za Mapigano na za Kutisha

Shujaa wa filamu ya mapigano au ya kutisha hutambulika kwa mambo matatu: ndiye anayeamua la kufanya hatari inapobisha hodi, ndiye anayefuatwa na kamera hata wengine wanapokuwa wakizungumza, na ndiye anayeombewa na watazamaji asalimike. Watazamaji wa Afrika Mashariki humwita steringi, na kanuni inayojulikana katika vibanda vya video vya mijini na vijijini ni kwamba steringi hafi. Kwa zaidi ya nusu karne ya mwanzo wa sinema ya Marekani, nafasi hiyo ilikuwa imefungwa kwa mtu mweusi katika filamu za studio kubwa, ambamo aliruhusiwa kuwa mtumishi, mwoga wa kuchekesha, mshenzi wa porini au rafiki mwaminifu anayekufa mapema ili mzungu apate sababu ya kupigana. Sura hii inaeleza jinsi nafasi hiyo ilivyofunguliwa, hasa kati ya mwaka 1960 na 1974, na inashikilia hoja moja: kwa sehemu kubwa, shujaa huyo mpya hakutoka katika miswada wala katika ofisi za wenye studio, bali aliletwa na waigizaji wenyewe, pamoja na waongozaji weusi wachache, waliopokea nafasi finyu na kuzijaza utu, elimu na hasira ambazo mswada haukuwa nazo.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu iliyowafanya wanachama wa Ku Klux Klan, yaani kundi la kibaguzi lililowatesa na kuwaua watu weusi, kuwa mashujaa wanaopanda farasi kwenda kuokoa taifa, huku wabaya wakuu wakiigizwa na wazungu waliopakwa rangi nyeusi usoni. Jibu halikuchelewa. Mwaka 1916 ndugu wawili, Noble Johnson na George Johnson, waliunda Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya watu weusi iliyokusudia kuonesha maisha yao kwa heshima, na mwaka 1920 Oscar Micheaux alitoa Within Our Gates, iliyothubutu kuonesha mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Kazi za aina hii ziliitwa filamu za mbari, maana yake filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji weusi na kuoneshwa katika kumbi zao, au katika kumbi za wazungu kwa saa zilizotengwa. Humo ndimo shujaa mweusi alimoishi kwanza: Herb Jeffries aliimba na kufyatua bastola akiwa mchunga ng'ombe wa magharibi katika Harlem on the Prairie ya mwaka 1937, na mwaka 1940 Spencer Williams aliandika Son of Ingagi, filamu ya kutisha ambayo waigizaji wake wote walikuwa weusi. Mashujaa hao walikuwa wa kweli, ila ubaguzi wa kumbi uliwazuia wasionekane na taifa zima.

Upande wa Hollywood, maisha ya Noble Johnson yanaonesha ugumu wenyewe bila haja ya maelezo mengi, kwani mtu huyo huyo aliyekuwa rais na mwigizaji mkuu wa kampuni ya Lincoln aliiacha kampuni yake, akaendelea na kazi katika studio kubwa, na mwaka 1933 akaonekana katika King Kong akiwa mkuu wa wenyeji wa kisiwani wanaomtoa msichana wa kizungu sadaka kwa sokwe. Katika filamu za kutisha za miaka ya 1940, Mantan Moreland, mchekeshaji hodari mwenye ulimi mwepesi, alilipwa ili atoe macho na kutimua mbio, kama alivyofanya katika King of the Zombies ya mwaka 1941. Aidha, kanuni za maadili za tasnia, zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia mwaka 1934, zilipiga marufuku kuonesha mapenzi kati ya weusi na wazungu hadi katikati ya miaka ya 1950, na kwa kuwa waigizaji wakuu wa kike wa studio walikuwa wazungu, mwanamume mweusi hakuweza hata kufikiriwa kuwa kiongozi wa hadithi yenye mapenzi ndani yake.

Ufa wa kwanza katika ukuta huo uliletwa na wanamichezo. Woody Strode, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji weusi wa kwanza kurejea katika ligi kuu ya futiboli ya Marekani mwaka 1946, alionekana katika filamu mbili za mwaka 1960 ambazo zikitazamwa pamoja zinaeleza mipaka ya wakati ule. Katika Spartacus alikuwa Draba, mpiganaji wa Kiafrika anayemshinda Spartacus uwanjani, akakataa kumuua, kisha akawageukia Warumi waliokuwa wakiburudika kwa damu yake na kuuawa. Ushujaa wake ni mkubwa, lakini kazi yake katika hadithi ni kumwasha moto wa uasi mtu mwingine. Katika Sergeant Rutledge, filamu ya John Ford, alikuwa sajini wa kikosi cha wapanda farasi weusi anayeshtakiwa kwa uongo kuwa amembaka na kumuua msichana wa kizungu, na hapo Strode alisimama wima katika kila onesho kwa namna iliyowafanya watazamaji wamwone mwanajeshi kabla ya kumwona mshtakiwa. Hata hivyo, ingawa jina la filamu lilikuwa la mhusika wake, jina lake mwenyewe halikupewa nafasi ya kwanza katika matangazo. Miaka saba baadaye Jim Brown, nyota wa timu ya futiboli ya Cleveland aliyeacha mchezo huo mwaka 1966 akiwa katika upigaji wa The Dirty Dozen huko Uingereza, alifanya mbio za kishujaa akitupa mabomu ya mkono katika matundu ya hewa ya ngome ya Wajerumani, kisha akapigwa risasi kabla ya kulifikia gari la wenzake. Mtu mweusi alikuwa ameruhusiwa kuwa jasiri, lakini bado hakuwa yeye anayeshika hatamu za hadithi.

Duane Jones na usiku wa wafu

Filamu iliyobadilisha hali hiyo ilitoka mbali na Hollywood. Mwaka 1967 George A. Romero na wenzake, waliokuwa wakitengeneza matangazo ya biashara mjini Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, walichangishana fedha na kupiga filamu ya kutisha karibu na mji mdogo wa Evans City kwa bajeti iliyofikia takriban dola 114,000, kiasi kidogo mno kwa viwango vya tasnia. Filamu hiyo, Night of the Living Dead, inahusu watu saba waliojificha katika nyumba ya shambani huku wafu waliofufuka, ambao leo dunia nzima huwaita mazombi, wakiizingira ili wawale. Romero aliyeandika mswada pamoja na John A. Russo alieleza mara nyingi kwamba rangi ya mhusika mkuu, Ben, haikutajwa katika mswada, na kwamba Duane Jones alichaguliwa kwa sababu katika usaili hakupatikana aliyemzidi.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila yakiishia hapo yanamnyima Jones sifa anayostahili, kwa sababu yanaufanya ujio wa shujaa huyu uonekane kama bahati nasibu. Jones, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani na mwalimu, alimkuta Ben akiwa ameandikwa kama dereva wa lori asiye na elimu na mwenye lugha ya mitaani, akambadilisha. Ben wa Jones huzungumza kwa utulivu na kwa sentensi zilizonyooka, na ni mtu ambaye akili yake hutangulia mikono yake: anang'oa mlango wa chumba na kuvunja meza, anapigilia mbao madirishani, anawasha moto kuwatisha wafu, na katikati ya kazi hiyo yote anakumbuka kumtafutia viatu Barbra, mwanamke wa kizungu aliyepigwa bumbuazi, na kumvalisha. Barbra anapompiga kofi kwa kiwewe, Ben anamrudishia pigo, tendo ambalo Jones alijua vizuri uzito wake katika nchi ambako wanaume weusi walikuwa wameuawa kwa kusingiziwa mambo madogo kuliko hilo. Ndani ya nyumba hiyo kuna mzungu aitwaye Harry Cooper anayetaka wote wajifungie katika chumba cha chini ya nyumba, na mabishano kati yake na Ben juu ya nani atoe amri ndiyo uti wa mgongo wa filamu. Hakuna anayetaja rangi ya Ben hata mara moja, na kimya hicho kinakuwa na nguvu kwa sababu mtazamaji wa mwaka 1968 hakuweza kuiona vita hiyo ya mamlaka bila kuwaona wapiganaji wake.

Ben hafi kwa mikono ya wafu. Anasalimika hadi mwisho wa usiku, akiwa amebaki peke yake, na asubuhi, kundi la wazungu wenye bunduki na mbwa linapopita likisafisha mashamba, anachungulia dirishani na kupigwa risasi ya kichwa na mmoja wao anayemdhania kuwa mfu. Filamu inamalizika kwa picha mnato zenye chembechembe kama zile za magazetini, zikionesha kulabu za chuma, mwili unaoburutwa na lundo la kuni, na ilikuwa vigumu kwa Mmarekani yeyote wa wakati huo kutozikumbuka picha za kweli za watu weusi walionyongwa na kuchomwa moto huku wauaji wao wakipiga picha ya kumbukumbu. Uwezekano wa kumwacha Ben hai uliwahi kujadiliwa, na Jones mwenyewe aliupinga, akishikilia kwamba baada ya yote yaliyotokea nchini, watazamaji weusi wangeona heri afe kuliko kuokolewa kwa namna ya bandia isiyoeleweka maana yake. Hapa kanuni ya steringi ilivunjwa kwa makusudi, na aliyesaidia kuivunja alikuwa steringi mwenyewe, aliyefahamu kwamba kifo hicho kingesema ukweli ambao wokovu wa dakika ya mwisho ungeuficha.

Historia iliongeza uzito wake. Romero na mwenzake Russell Streiner walikuwa njiani kuipeleka nakala iliyokamilika New York kutafuta msambazaji, mwezi Aprili 1968, waliposikia redioni kwamba Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za watu weusi, ameuawa. Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968, na kwa kuwa msambazaji alipobadilisha jina la filamu hiyo alisahau kuweka tangazo la hakimiliki kama sheria ya Marekani ilivyotaka, ikawa mali ya umma iliyoweza kunakiliwa na yeyote bila malipo. Watengenezaji walipoteza fedha nyingi, lakini sura ya Jones ilisambaa duniani kuliko ya waigizaji wengi waliolipwa maradufu yake. Romero hakuiacha njia hiyo: Ken Foree katika Dawn of the Dead ya mwaka 1978 na Terry Alexander katika Day of the Dead ya mwaka 1985 ni mashujaa weusi wanaotoka hai katika hadithi zao.

Shaft anashuka barabarani

Kama Ben aliingia kupitia mlango wa nyuma, John Shaft, mpelelezi wa kujitegemea wa filamu ya Shaft, aliingia kwa mlango wa mbele. Mwaka 1971 ulianza na Melvin Van Peebles, aliyeandika, kuongoza na kuigiza Sweet Sweetback's Baadasssss Song kwa fedha zake na za kukopa, zikiwemo dola 50,000 alizokopeshwa na mchekeshaji Bill Cosby. Hadithi yake ni ya mtu mweusi anayewashambulia polisi waliokuwa wakimtesa kijana mwanaharakati, kisha anakimbia hadi mpakani na hatimaye kuwaponyoka, na ingawa ilianza kuoneshwa katika kumbi mbili tu, za Detroit na Atlanta, iliingiza mamilioni ya dola na kuwazindua wenye studio wajue kwamba watazamaji weusi wa mijini walikuwa soko lililopuuzwa.

Miezi michache baadaye studio ya MGM ilitoa Shaft, iliyoongozwa na Gordon Parks, mpiga picha mweusi wa kwanza kuajiriwa na jarida la Life, ambaye mwaka 1948 alikuwa ameandaa humo makala ya picha kuhusu kiongozi wa kundi la vijana wa Harlem. Jicho hilo la mpiga picha wa habari ndilo linaloifungua filamu. Kamera inatazama kutoka juu msongamano wa magari na mabango ya sinema ya mtaa wa 42 jijini New York, kisha Shaft, akiigizwa na Richard Roundtree aliyewahi kuwa mwanamitindo na ambaye hiyo ilikuwa nafasi yake kuu ya kwanza, anapanda ngazi kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi akiwa na koti refu la ngozi, anakatiza katikati ya magari bila kusubiri ruhusa ya taa, na kumfokea dereva anayetaka kumgonga, huku matoazi na gitaa vya muziki wa Isaac Hayes vikimsindikiza. Hajafanya tendo lolote la kishujaa bado, lakini kutembea kwake kunatangaza kwamba jiji hilo ni lake. Wimbo wa filamu hiyo ulimpa Hayes tuzo ya Oscar mwaka 1972, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda katika kundi la wimbo bora. Mwana wa Parks, Gordon Parks Mdogo, alifuata nyayo za baba yake kwa kuongoza Super Fly mwaka 1972, na maisha yake yalikatika nchini Kenya mwaka 1979 katika ajali ya ndege, alipokuwa huko kwa kazi ya filamu.

Wanawake hawakubaki nyuma. Pam Grier katika Coffy ya mwaka 1973 ni muuguzi anayewaandama wauza dawa za kulevya waliomharibu mdogo wake, na katika pambano moja maarufu anaficha nyembe ndani ya nywele zake za afro, hivyo adui anayemshika nywele ili kumdhalilisha anaondoka na viganja vilivyochanika. Mwaka huo huo Tamara Dobson alikuwa wakala wa serikali katika Cleopatra Jones, naye Jim Kelly, bingwa wa karate, alisimama pamoja na Bruce Lee katika Enter the Dragon, filamu iliyopendwa sana Afrika Mashariki.

Si watu weusi wote waliofurahia wimbi hilo. Mwaka 1972 Junius Griffin, kiongozi wa tawi la Hollywood la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, alilipa jina la bleksploitesheni, linalounganisha weusi na unyonyaji, akilalamika kwamba filamu hizo ziliwauzia vijana picha ya makahaba na wauza unga huku faida ikienda kwa wenye studio ambao karibu wote walikuwa wazungu. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, kwani miswada mingi iliandikwa haraka na kwa dharau, na soko lilipogeuka katikati ya miaka ya 1970 studio ziliwatupa waigizaji hao kwa wepesi ule ule zilivyowachukua. Lakini ukosoaji unaoangalia miswada peke yake hauoni kazi iliyofanywa mbele ya kamera, na hakuna mfano ulio wazi zaidi wa kazi hiyo kuliko ule wa William Marshall.

Mwanamfalme Mamuwalde

Mwaka 1972 kampuni ya American International Pictures, iliyojulikana kwa filamu za bei nafuu, ilimwajiri mwongozaji mweusi kijana, William Crain, atengeneze Blacula, yaani Dracula mweusi. Dracula ni mnyonya damu wa hadithi za Ulaya, mfu anayeishi milele kwa kuwanyonya walio hai na asiyeweza kustahimili mwanga wa jua. Kichwa cha filamu kilikuwa cha mzaha, na wazo la awali halikuwa na kina. Marshall, aliyezaliwa Gary, Indiana, mwaka 1924, alikuwa mwigizaji wa tamthilia za Shakespeare aliyesifiwa kwa kuigiza Othello, mwenye kimo kirefu na sauti nzito iliyojaza ukumbi bila kipaza sauti. Alishinikiza mhusika wake apewe asili na historia ya Kiafrika, na matokeo yake yakawa utangulizi unaoibadilisha filamu nzima.

Katika utangulizi huo, mwaka ni 1780, na Mwanamfalme Mamuwalde pamoja na mkewe Luva wamesafiri hadi ngome ya Dracula huko Transylvania kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Mwenyeji wao anawacheka, anaisifu biashara hiyo, anamtamani Luva mbele ya mumewe, na Mamuwalde anapokasirika anang'atwa, anapewa jina la Blacula kama mtumwa anayebatizwa jina na bwana wake, na kufungiwa ndani ya jeneza ateseke kwa kiu isiyokwisha. Anapozinduka miaka karibu mia mbili baadaye katika jiji la Los Angeles, mtazamaji hawezi tena kumwona kama zimwi tu, kwa maana laana yake ina chanzo kinachojulikana: mzungu aliyemnyima uhuru, jina na mke. Anapokutana na Tina, mwanamke anayefanana na Luva na anayeigizwa na Vonetta McGee aliyekuwa Luva pia, haja yake ya damu inashindana na haja ya kurudisha alichoporwa. Anayemwinda ni daktari mweusi aitwaye Gordon Thomas, kwa hiyo akili ya sayansi na hadhi ya kifalme zote ziko kwa watu weusi, jambo lililokuwa adimu katika filamu za aina hii. Mwishoni, baada ya kumpoteza Tina, Mamuwalde hasubiri kuchomwa mti moyoni kama wanyonya damu wengine. Anapanda ngazi kwa hiari yake hadi penye jua, akichagua kifo chake kama mtu huru. Sauti ya Marshall haibadiliki kuwa ya mzaha hata katika maonesho dhaifu ya filamu hiyo, na kwa uzito huo alikilazimisha kichwa cha mzaha kubeba historia ya utumwa.

Mafanikio ya Blacula yaliwafanya watayarishaji wengine watake mnyonya damu mweusi wao, na kwa mkumbo huo Bill Gunn alipewa fedha za kutengeneza Ganja & Hess mwaka 1973. Alitoa kitu tofauti kabisa na walichotarajia, filamu tulivu juu ya uraibu, imani na tabaka, ikimweka Duane Jones katika nafasi ya Hess Green, msomi tajiri anayechomwa kisu cha kale cha Kiafrika na kuanza kutamani damu. Ilioneshwa katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka huo, ila watayarishaji waliikatakata na kuiuza kwa majina mengine, na Gunn aliandika kwenye gazeti la New York Times akipinga jinsi kazi ya msanii mweusi inavyopimwa. Toleo lake halisi lilinusurika kwa sababu nakala yake ilihifadhiwa katika makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York, na leo linahesabiwa miongoni mwa kazi bora za sinema ya Wamarekani Weusi.

Urithi

Ukiwapanga pamoja Strode, Jones, Roundtree, Grier na Marshall, unaona kwamba filamu za bei nafuu ziliwapa nafasi ambayo filamu za heshima ziliwanyima, kwa sababu mahali ambapo fedha ni chache na wasimamizi hawajali sana, mwigizaji anaweza kubadilisha mazungumzo, kudai historia ya mhusika au kupinga mwisho wa hadithi, akasikilizwa. Uhuru huo ulikuwa mdogo na haukuleta utajiri. Jones alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akifundisha na kuongoza michezo ya jukwaani hadi alipofariki mwaka 1988, na Marshall hakupewa tena nafasi iliyolingana na kipaji chake katika filamu kubwa.

Kipimo cha walichokiacha kinaonekana katika Get Out ya mwaka 2017, ambayo mwongozaji wake, Jordan Peele, ameitaja Night of the Living Dead miongoni mwa filamu zilizomwelekeza. Peele alipiga kwanza mwisho ambao Chris, kijana mweusi aliyeponyoka katika nyumba ya wazungu wanaoiba miili ya watu weusi, anakamatwa na polisi na kufungwa. Kisha akaubadilisha, ili gari lenye taa za king'ora linalomkuta katikati ya maiti liwe la rafiki yake aliyekuja kumchukua. Mwisho huo una nguvu kwa sababu watazamaji wanapoziona taa hizo tayari wanajua kilichompata Ben, na wanajua kwa sababu mwaka 1967 mwalimu mmoja kutoka jukwaani alikataa kudanganya. Anayetaka kuandika historia ya shujaa mweusi katika sinema hana budi kuanza na maamuzi ya aina hiyo, yaliyofanywa na waigizaji ambao mara nyingi hawakutajwa katika orodha ya waandishi, na kuwapa haki yao ya uandishi.